Kipaza Sauti Hakipazi

"Shikamoo, ami. Nataka kipaza sauti."

"Marahaba, mwanangu. Cha msikiti au cha gari?"

Kijana aliyeingia dukani hapa Wete hakutaka hicho wala hicho. Alitaka kidude cha kuchomeka kwenye simu ili arekodi kasida nyumbani kwao. Mwenye duka keshanyoosha mkono kuishusha honi ya kijivu, ile inayofungwa mnarani au juu ya gari la matangazo. Ikabidi kijana aweke ngumi mbele ya mdomo kama anayeimba, ndipo mzee akacheka: "Aa, maiki! Si useme maiki."

Hakuna aliyekosea. Neno letu moja limebebeshwa vyombo viwili: kinachopokea sauti mdomoni na kinachoitoa uwanjani. Asili yake ni kitenzi kupaa, yaani kwenda juu. Kupaza ni kukifanya kitu kipae. Kwenye mkutano au harusi jina hilo halina kasoro. Maiki, amplifaya na spika zimeungana kwa nyaya, na aliyekaa jamvi la nyuma hana haja ya kujua ipi inafanya nini, maadamu sauti imemfikia. (Ukiongeza a moja, kupaaza ni kusaga nafaka chengachenga, na ziko harusi ambako mitambo hufanya hivyo hasa.) Tabu huanza mtu anapojifungia chumbani peke yake kurekodi.

Maikrofoni haipazi chochote. Ndani ya maiki ya kushika mkononi, aina iitwayo dainamiki, mna kiwambo chembamba kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma yake pameshikizwa koili ya waya mwembamba iliyokaa ndani ya sumaku. Sauti ikikipiga kiwambo, koili hutikisika na kuzaa umeme mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za elfu za volti. Kazi yake imeishia hapo. Kuukuza umeme huo ni kazi ya amplifaya, na kuugeuza uwe sauti tena ni kazi ya spika.

Spika nayo ina kiwambo, koili na sumaku, ila mambo yake huenda kinyume: umeme huingia, sauti hutoka. Ndiyo maana ukichomeka spika za masikioni kwenye tundu la maiki la kompyuta ya zamani, kisha ukaongea karibu nazo, sauti yako itaingia, japo kwa unyonge. Vyombo hivi ni ndugu wa damu. Lakini mmoja ni sikio na mwenziwe ni mdomo, na sisi tumewapa wote jina la mdomo.

Wenye neno la asili waliliweka upande wa sikio. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, dogo na sauti, na Mwingereza Charles Wheatstone alilitumia mwaka 1827 kwa chombo cha kusikilizia sauti hafifu, kabla umeme haujaingia katika kazi hii. Na historia ya kurekodi yenyewe inalikana jina letu. Kabla ya mwaka 1925, mwimbaji alilazimika kuielekeza sauti kwenye pembe kubwa ya bati, na nguvu ya koo lake ndiyo iliyochora mifereji ya sahani ya santuri. Huko ndiko kulikokuwa na kupaza. Maikrofoni ilipoingia studioni mwaka huo, haja hiyo ikaondoka. Mwimbaji wetu wa taarabu, Siti binti Saad, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, teknolojia hiyo ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Haya si mabishano ya wapenda kamusi. Jina humwongoza mnunuzi. Anayetafuta "kipaza" huuliza: ina nguvu? Ina mwangwi? Hurudi na kitu king'aavu chenye taa, kisha hulalamika kwamba rekodi imejaa kelele. Anayetafuta sikio huuliza jingine: inasikia nini, na inaacha nini?

Kwa nyumba zetu, swali hilo ndilo la kuanzia. Juu bati, pembeni jogoo, barabarani pikipiki, na masika mvua haina hodi. Maiki kubwa ya aina nyingine, iitwayo kondensa, hata ya bei ndogo, ina sikio jepesi: itachukua sauti yako, ya feni na ya kuku wa jirani. Nyingi pia hudai umeme wa volti 48 kupitia waya wake, ambao simu haitoi. Dainamiki ni nzito kidogo ya kusikia, na nyingi husikiliza kwa umbo la moyo: mbele zaidi, nyuma kidogo. Huo uzito ndio faida yake kwenye kelele, ingawa utahitaji kifaa cha kuiunganisha na simu au kompyuta. Ziko pia za waya wa USB zinazoingia kwenye kompyuta moja kwa moja.

Mwenye fedha kidogo kabisa ataanza na ile ndogo ya kubana kifuani. Hiyo ni jamaa ya kondensa, ila kiwambo chake kimetiwa chaji ya kudumu, ufundi uliobuniwa na James West na Gerhard Sessler huko Marekani mwaka 1962 na kushusha bei mno. Nyingi husikia pande zote, lakini ukaribu wake na mdomo huifidia. Itazame pini kabla ya kulipa: ya simu ina mikato mitatu, si miwili.

Ukaribu unashinda bei. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo, na kelele za chumba hazipungui. Basi kaa shibiri moja, funga dirisha, zima feni, tundika khanga na mablanketi ukutani, au egemeza godoro nyuma yako.

Na istilahi? Kinasa sauti kimeshatwaliwa na chombo cha kurekodi, na ni haki yake, kwani kunasa ni kushika kitu kisiponyoke. Maikrofoni haishiki, inadaka tu na kupitisha. Kiswahili kina kidakatonge kooni; kidakasauti kingekaa vizuri kando yake. Lakini neno haliamriwi. Mtaani maiki imeshinda, vitabuni maikrofoni inatosha, na kipaza sauti tukiachie kile kinachopaza kweli.

Ukienda dukani, sema unataka maiki ya kurekodi, kisha omba uijaribu kwa maneno mawili: paa la nyumba na paa wa msitu wa Ngezi. Kwa matamshi ya kwetu Pemba, paa wa msituni hutoka na pumzi. Ikivuma kwa pumzi hiyo, igeuze kidogo isikabili mdomo, ujaribu tena. Ikiendelea kuvuma, mrudishie mwenyewe.