Kuchagua pa Kuishi: Watu Wenye Ulemavu wa Akili Karatu na Ngorongoro

Mjadala wa kimataifa kuhusu makazi ya watu wenye ulemavu wa akili ulianzia katika nchi zilizokuwa zimewaweka kwenye taasisi kubwa. Norway, kwa mfano, ilihamishia jukumu la kuwahudumia kwa manispaa mwaka 1991 ili taasisi hizo zifungwe. Wilaya za Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, hazina historia hiyo. Hapa mtu huishi kwao, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba hakuna la kujadili. Lipo. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, haiishii kwenye kuishi miongoni mwa jamii. Inampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Anayebaki nyumbani kwa kuwa hana pengine pa kwenda hajachagua.

Hata hivyo, boma la Kimaasai lina jambo ambalo wapangaji wa makazi hawajalitazama vya kutosha. Kila mke hujenga nyumba yake, na boma moja huwa na nyumba kadhaa. Kijana aliyegombana na mama yake aweza kulala kwa bibi au kwa mke mwenza. Asubuhi ng'ombe ni walewale, na wanaomjua ni walewale. Mwanaanthropolojia Aud Talle, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wamaasai wa Kenya, alionyesha mwaka 1995 kwamba mtoto mwenye ulemavu hulelewa kama mtoto mwingine yeyote. Huo si ushahidi kwamba hakuna anayefichwa au kutumikishwa. Lakini kwa mtu asiyeweza kueleza upya mahitaji yake kwa kila mgeni, kujulikana ni sehemu ya makazi, sawa na paa.

Mpangilio huo wa boma unaweza kuvunjwa na uhamisho. Tangu Juni 2022, kaya kutoka Hifadhi ya Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Kaya hupewa nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja cha ekari 2.5 na shamba la ekari 5. Hesabu hii humwona mkuu wa kaya. Haimwoni bibi wa nyumba ya pili, ambaye pengine amebaki, wala haimuulizi mwenye ulemavu kama anataka kumfuata kaka au kukaa na shangazi. Nyumba imara haiwezi kufidia kupotea kwa watu hao.

Karatu tatizo ni ardhi. Mama anapofariki na shamba likagawanywa, ndugu mwenye ulemavu wa akili yuko hatarini kukosa fungu kwa hoja kwamba atatunzwa. Tangu hapo anaishi kwa hisani, akichunga na kuchota maji bila ujira, na hisani hiyo huisha ugomvi ukizuka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, lakini ulinzi wake hauna budi kufika kwenye kikao cha kugawa shamba. Baraza la ardhi la kijiji lapaswa kudai sehemu ya ndugu huyo itajwe kwa jina lake kabla ya mipaka kuwekwa. Na huko Ngorongoro, asihamishwe mtu kabla hajaulizwa mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, akiwa na mtu anayemwamini, analala kwa nani na angependa kulala kwa nani.