Samaki wa mvuke kwa wenye mzio Karatu na Ngorongoro
SAMAKI mzima wa mvuke, pishi maarufu la Guangdong, kusini mwa China, huungwa kwa tangawizi, majani ya vitunguu na mafuta ya moto. Hatari kwa mwenye mzio imo katika sosi ya soya, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Chumvi yatosha badala yake, na mafuta ya alizeti yashike nafasi ya karanga au ufuta.

Mjini Karatu, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 95 za Sentigredi; ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, penye mita 2,300 hivi, ni 92. Hivyo perege anayeiva Dar es Salaam kwa dakika 10 huhitaji muda zaidi huko, hadi nyama iachane na mfupa. Mwenye mzio wa samaki wenyewe asikaribie hata mvuke wake.