Mwalimu wa kijijini (Simiyu)

Mwalimu wa kijijini, kama anavyofahamika Bariadi na wilaya jirani za Mkoa wa Simiyu, ni mwalimu wa shule ya msingi aliyeajiriwa na serikali akaishia kuwa mwanakijiji: alijenga, akaoa, akalima pamba, akafuga, akasomesha wa kwake na wa ndugu zake, na alipofariki akazikwa kwenye eneo la kaya yake. Makala hii inahusu hasa kizazi kilichoingia kazini kati ya mwanzo wa miaka ya 1960 na mwisho wa miaka ya 1970. Walio wengi katika kizazi hicho wamekwisha kustaafu, na habari zao sasa zinasikika zaidi misibani.

Simiyu ni mkoa wa juzi. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na Wilaya ya Busega ikatoka Magu, Mkoa wa Mwanza. Ndiyo maana wasifu wa mwalimu mzee wa Bariadi humpa anwani nyingi bila yeye kuhama: alizaliwa Wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa, akaanza kazi Mkoa wa Shinyanga, akafia Simiyu. Kijiji ni kilekile, na mto aliouvuka kwenda shambani ni uleule.

Shule ziliingia eneo hili kupitia misheni. Kituo cha Nassa, ambacho leo kiko Busega, kilifunguliwa na wamisionari wa Kianglikana mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Katekista ndiye aliyefundisha kusoma, na kitabu kilikuwa cha dini. Baadaye zikaja shule za serikali za mitaa za wakati wa mkoloni, na fedha ya pamba ikawawezesha baadhi ya wazazi kulipa karo. Hata hivyo kumpeleka mtoto shule halikuwa jambo la kukubaliwa upesi. Mvulana alihitajika malishoni, msichana nyumbani, na mzee mwenye ng'ombe wengi hakuona mwalimu asiye na ng'ombe ana nini cha kumfundisha mwanawe. Mwalimu mwerevu alielewa hoja hiyo, akanunua mtamba.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa siasa. Machi 1967 Julius Nyerere, aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu kabla ya kuingia katika siasa moja kwa moja, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ikatakiwa kuwa na shamba. Kwa Wasukuma, wenyeji wa eneo hili, kulima hakukuwa jipya. Jipya lilikuwa kulima kwa kengele. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka watoto wote waandikishwe shule ndani ya miaka michache, wakati huohuo familia zikihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Darasa lililokuwa na watoto 40 lilijaa hadi wengine wakakaa chini ya mti.

Walimu wa kutosha hawakuwepo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu katika vituo vya kata kwa masomo ya posta na redio huku wakishika darasa chini ya uangalizi wa mwalimu mzoefu. Hao ndio walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Walidharauliwa mapema na bado wanadharauliwa na watu ambao wao ndio waliowafundisha kushika kalamu. Ni kweli kwamba wengi wao hisabati ya darasa la saba iliwapa shida. Lakini bila wao vijiji vingi vya Itilima na Meatu visingekuwa na mtu wa kusimama mbele ya ubao, na waliojiendeleza baadaye hadi ualimu wa Daraja la IIIA walifanya hivyo usiku, kwa taa ya chemli, wakiwa na watoto wao wenyewe wa kulisha. Dharau ya namna hiyo ilirudi katika miaka ya 2000, safari hii ikiwapata walimu wa sekondari za kata waliopewa mafunzo ya wiki chache, ambao wananchi waliwaita vodafasta.

Jioni mwalimu yuleyule alifundisha watu wazima. Mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 1968 uliandaa vitabu vilivyofundisha kusoma kupitia kilimo, pamba ikiwa mojawapo ya masomo yake. Baba alijifunza kuandika jina lake kwa mwalimu aliyemchapa mwanawe asubuhi ile. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko, kazi za uandishi zilimfuata: barua za ndugu walioko Mwanza, mihutasari ya mikutano ya kijiji, hesabu za chama cha msingi cha pamba na, sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, mara nyingi daftari la sungusungu pia.

Nyumbani kwa mwalimu

Nyumba ya mwalimu ilijulikana kwa mbali. Mara nyingi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuezekwa kwa bati, na baiskeli iliegemezwa ukutani. Ndani walilala watoto zaidi ya waliozaliwa humo. Mito ya msimu hujaa masika, na mtoto anayetoka ng'ambo hupoteza wiki nzima ya masomo. Wazazi walimwomba mwalimu amhifadhi, wakaleta debe la mtama au michembe. Kulikuwa na watoto wa kaka, watoto wa dada, na yatima wa ukoo. Asubuhi wote walichota maji na kufagia uwanja, kisha wakatangulia shuleni kabla ya rimu ya gari iliyotundikwa mtini kugongwa kwa chuma. Aliyechelewa akitokea nyumba hiyo alichapwa zaidi ya wengine, kwa sababu hakuwa na cha kujitetea.

Watoto wa mwalimu walikuwa na maisha magumu kuliko wenzao walivyodhani. Shuleni walimwita baba yao mwalimu, wakasimama na darasa zima kuitikia, "Shikamoo mwalimu." Nyumbani waliamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na wakishindwa mtihani hawakuwa na pa kuficha matokeo. Baba alikuwa nayo tangu mchana.

Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa. Mwisho wa mwezi mwalimu alikwenda Bariadi, Nyalikungu au Mwanhuzi kuufuata, na siku mbili zingeweza kupita kabla hajarudi. Kilicholisha kaya ni shamba, na shamba lilikuwa mikononi mwa mkewe. Ndiye aliyesimamia plau na maksai, akapanda pamba, choroko na viazi, akahakikisha palizi haipitwi na wakati huku mume akiandika maandalio ya somo. Mwalimu alipohamishwa kituo, mke alibaki na mazao na mifugo, na familia ikaishi sehemu mbili kwa miaka. Sifa ya "baba aliyeipenda familia yake" inayosomwa msibani ni ya haki mara nyingi, lakini sehemu kubwa ya ushahidi wake ni jasho la mama mwalimu, na wasifu humtaja kwa sentensi moja: ameacha mjane.

Wasifu msibani

Wasifu ndio maandishi pekee ambayo walimu wengi wa kizazi hiki huandikiwa. Huwa ni ukurasa mmoja au miwili, umechapwa stationery mjini asubuhi ya mazishi, na husomwa chini ya turubai na mtoto mkubwa au mwalimu mkuu wa shule ya karibu. Mpangilio wake ni wa kiofisi: kuzaliwa, kubatizwa, elimu, chuo, tarehe ya kuajiriwa, vituo vya kazi kimoja kimoja, vyeo, kustaafu, ugonjwa, idadi ya watoto na wajukuu. Kisha husimama mwakilishi wa mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu kata, na mwakilishi wa Chama cha Walimu Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1993, akiwa na rambirambi ndani ya bahasha. Daftari la michango huendelea kuzunguka huku hotuba zikisomwa.

Yaliyo matamu hayamo katika karatasi ile. Hujitokeza usiku wa matanga, watu wakikaa kuzunguka moto, wazee wenye mvi wakikumbushana nani alichapwa kwa kuswaga ng'ombe hadi kwenye shamba la shule na nani alifichwa nyumbani kwa mwalimu ili asiozwe akiwa darasa la sita. Fimbo, ambayo wasifu hauitaji kabisa, ndiyo inayochekesha zaidi, ingawa wapo wanaonyamaza inapotajwa, na kunyamaza kwao kunastahili heshima. Daktari, diwani na muuza duka huketi mkeka mmoja kwa sababu walisoma darasa moja. Chaki aliyoitumia marehemu ilitoka mbali. Baadaye kikundi cha vijana Maswa kikaanza kutengeneza chaki, na wazee hupenda kusema kwamba angeifurahia, kisha angeilalamikia vumbi lake.

Baada ya kuanua matanga kikao cha ukoo hukaa na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari wake hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo ikiridhika humteua msimamizi kwa Fomu Namba IV. Kwa mtumishi wa umma madai hufuatiliwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko kadhaa ya pensheni iliyokuwepo. Mfuko huuliza vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na hapo ndipo watoto wa kulelewa wanapojikuta hawamo kwenye orodha. Baadhi ya familia hukubaliana kuwapa ng'ombe wawili watatu kabla ya mgawo. Nyingine hufikishana mahakamani, na mjane hukaa miaka akisubiri hukumu juu ya shamba alilolilima mwenyewe.