Poka ya mtandaoni: Faida huanzia daftarini, si mezani

Na Mwandishi Wetu

WACHEZAJI wengi wa poka ya mtandaoni hawajui kama wanapata faida au hasara. Hukumbuka vizuri usiku mmoja walioondoka na fedha, husahau siku tano walizoongeza fedha kimya kimya, na mwisho wa mwaka hushangaa akiba yao ilikwenda wapi.

Wapo wachache wanaopata faida kwa miaka mingi. Hao hawana bahati kuliko wenzao. Kinachowatofautisha ni kwamba huuchukulia mchezo kama biashara ndogo yenye mtaji, gharama, kumbukumbu na muda wa kujifunza. Makala haya yanaeleza hesabu wanazozifanya, ili msomaji aweze kupima mwenyewe kama mchezo huo unamfaa au haumfai.

Meza ya fedha taslimu

Poka ya kulipia fedha kupitia intaneti ilianza Januari 1998. Umaarufu wake uliongezeka mwaka 2003, pale Chris Moneymaker, mhasibu wa Kimarekani, aliposhinda dola milioni 2.5 katika mashindano ya World Series of Poker mjini Las Vegas, baada ya kupata nafasi kwa kucheza mtandaoni kwa ada isiyofika dola 100.

Hayo yalikuwa mashindano, ambapo mchezaji hulipa ada mara moja na kubaki hadi atolewe. Meza ya fedha taslimu ni kitu kingine. Hapo kila dau ni fedha halisi, na mchezaji huweza kukaa au kuondoka wakati wowote.

Katika mchezo wa Texas Hold'em, ambao ndio unaochezwa zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunguliwa mezani kwa matumizi ya wote. Kabla ya kila mgao wachezaji wawili huweka dau la lazima, mmoja dogo na mwingine kubwa. Dau kubwa la lazima ndilo kipimo cha meza. Meza yenye dau kubwa la senti 10 kwa kawaida hukaliwa na dola 10, yaani madau 100.

Ushuru wa meza

Jambo la kwanza analopaswa kulielewa mchezaji ni kwamba hashindani na wenzake tu. Kampuni inayoendesha mchezo hukata ushuru katika kapu la fedha zinazoshindaniwa, na kiwango cha kawaida ni kama asilimia 5, chenye kikomo maalumu. Kapu likifika dola 4 katika meza ya senti 10, ushuru ni senti 20, yaani madau makubwa mawili.

Maana yake ni kwamba wachezaji wote wa meza hiyo, wakijumlishwa pamoja, wanapata hasara. Ili mmoja apate faida ni lazima awazidi wenzake kwa kiasi kinachotosha kulipa ushuru na kubakisha kitu. Mwenye uwezo sawa na wenzake hupoteza polepole, hata kama hajafanya kosa kubwa.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa meza ni sehemu ya mpango. Mchezaji mzuri aliyekaa na watano wanaomzidi atapoteza, ilhali mchezaji wa wastani aliyekaa na watu wasiojua huweza kupata.

Hesabu ya kulipia dau

Msingi wa maarifa ya poka ni kulinganisha bei ya dau na uwezekano wa kushinda. Tuchukue mfano. Kapu lina dola 10 na mpinzani ameweka dola 5. Wewe unatakiwa kulipa dola 5 ili uwanie kapu litakalokuwa na jumla ya dola 20. Bei hiyo ni robo, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau mara 25 katika kila mara 100.

Karata nne za mezani zimekwisha kufunguliwa, na ukiziunganisha na zako mbili una kopa nne. Unasubiri ya tano. Karata usizoziona ni 46, na kopa zilizobaki ni tisa. Uwezekano wa kuipata ni takriban asilimia 20. Ukilipa katika hali hiyo mara 100, utatoa dola 500 na kurejesha kama dola 390. Isipokuwa unatarajia mpinzani akulipe zaidi baadaye, hapo panafaa kutupa karata.

Hesabu hii ni ya shule ya msingi, lakini wengi huiacha kwa sababu wanakumbuka siku ile kopa ya tano ilipofunguka. Mchezaji wa faida hajiulizi kama alishinda mgao huo, bali kama bei aliyolipa ilikuwa halali.

Mtaji: funzo la Ferguson

Mwaka 2006, Mmarekani Chris Ferguson, bingwa wa World Series of Poker wa mwaka 2000 na mwenye shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta, alijiwekea jaribio. Alitaka kuanza bila senti hata moja katika tovuti ya Full Tilt Poker na kufikisha dola 10,000.

Alianza na mashindano ya bure yenye zawadi ndogo. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilimchukua kama miezi saba kufikisha dola 6.50. Novemba 2006 alipata dola 104 katika shindano la ada ya dola moja, na mwaka 2007 alivuka lengo lake.

Kilichomfikisha huko ni kanuni alizojiwekea. Ukiacha michezo ya bei ndogo kabisa ya mwanzoni, hakukalia meza ya fedha taslimu kwa zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake. Fedha zake mezani zilipozidi asilimia 10 ya mtaji wote, aliondoka. Mtaji ulipopungua alishuka meza ya chini bila kuona haya.

Asilimia 5 ni sawa na kuwa na fedha za kukalia meza mara 20. Wachezaji waangalifu wa leo huhitaji zaidi, mara 30 hadi 50, kwa sababu washindani wamekuwa wagumu. Kwa meza ya dola 10, mtaji wa mara 40 ni dola 400. Fedha hizo zisiwe za kodi ya nyumba, za ada ya watoto wala za kukopa. Ziwe ni zile ambazo zikiisha zote, chakula cha nyumbani hakitapungua.

Bahati ina mkono mrefu

Faida ya meza za fedha taslimu hupimwa kwa madau makubwa kwa kila migao 100. Anayepata wastani wa madau matatu baada ya ushuru anafanya vizuri. Lakini matokeo ya kila migao 100 hupanda na kushuka mno, kwa kipimo cha takwimu cha madau 80 hadi 100 juu au chini ya wastani huo.

Tukichukua 90, mchezaji huyo mzuri anatarajiwa kupata madau 3,000 baada ya migao 100,000, lakini bahati peke yake huweza kuyasogeza matokeo hayo kwa karibu madau 2,850. Kwa hiyo, kati ya wachezaji saba wenye uwezo huo huo, mmoja hivi atakuwa bado yuko katika hasara baada ya migao yote hiyo.

Kinyume chake ndicho cha hatari zaidi. Mtu anayepoteza kwa kasi hiyo hiyo huweza kuonekana mshindi kwa miezi kadhaa, akaamini amekwisha kuiva, akapanda meza kubwa, na hatimaye akaacha kazi.

Tuangalie pia ujira. Anayecheza meza nne kwa pamoja hupata kama migao 250 kwa saa. Kwa madau matatu kwa kila migao 100, hayo ni madau saba na nusu. Katika meza ya senti 10, ni senti 75 kwa saa, na migao 100,000 huchukua saa 400. Ngazi hiyo ni shule, na hakuna anayeweza kuiita ajira.

Namna ya kujifunza

Kumbukumbu hutangulia. Andika tarehe, meza, muda, fedha ulizoingia nazo na ulizotoka nazo. Tovuti nyingi huruhusu mchezaji kupata historia ya migao yake, na zipo programu za kuichambua.

Baada ya hapo hufuata mapitio. Chagua migao iliyokupa shida, iwe ulishinda au ulishindwa, na uikague ukiwa umetulia. Makosa ya wanaoanza hufanana: kucheza karata nyingi mno, kulipia madau kwa udadisi, na kutojali nafasi ya kukaa. Anayecheza mwisho huona wenzake wamefanya nini kabla hajaamua, na faida hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Tangu mwaka 2015 zimepatikana pia programu za kukokotoa mbinu bora, mojawapo ikiwa PioSOLVER. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kampuni ya Facebook walitangaza programu ya Pluribus iliyowashinda wachezaji bingwa katika meza ya watu sita. Maendeleo hayo yana pande mbili. Mwenye bidii amepata mwalimu, lakini washindani wake nao wamempata, na wasio waaminifu hutumia kompyuta kuwaamulia wakati mchezo ukiendelea, jambo ambalo kampuni kubwa zimelipiga marufuku.

Fedha zimewekwa wapi?

Jaribio la Ferguson lina mwisho wenye funzo jingine. Aprili 15, 2011, Wizara ya Sheria ya Marekani ilizifunga nchini humo anuani za PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker. Ikabainika kwamba Full Tilt ilikuwa na deni la takriban dola milioni 390 kwa wachezaji duniani kote, huku benki ikiwa na kama dola milioni 60 tu. Septemba mwaka huo waendesha mashitaka walimtaja Ferguson, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi, katika madai ya madai ya kiraia dhidi ya kampuni hiyo. Mwaka 2013 alimaliza shauri hilo kwa makubaliano bila kukiri kosa.

Wachezaji walianza kulipwa baada ya PokerStars kukubali mwaka 2012 kutoa dola milioni 731 katika makubaliano na serikali hiyo. Wale wa Marekani walisubiri hadi mwaka 2014. Kati yao walikuwamo watu waliofanya kila kitu sawasawa: walisoma, walitunza mtaji, walishinda, lakini fedha zao zilikuwa mikononi mwa mwingine.

Kwa hiyo, mpango kamili unajumuisha kutoa faida mara kwa mara, kutoacha mtaji wote katika tovuti moja, na kuhakikisha kwamba kampuni ina leseni inayotambulika mahali ulipo. Nchini Tanzania michezo hiyo husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na Kenya ilipata sheria mpya ya kudhibiti kamari mwaka 2025.

Lini kuacha

Mpango bila kikomo si mpango. Kabla ya kukaa, amua ni kiasi gani kikipotea utafunga kompyuta, wengi wakichagua fedha za kukalia meza mara mbili au tatu kwa siku. Hasira ya kutaka kurudisha kilichopotea imemaliza mitaji mingi kuliko karata mbaya.

Amua pia kikomo cha mtaji wenyewe. Ukiisha kwa kufuata kanuni zote, daftari limekwisha kutoa jibu. Anayeongeza fedha bila kuwaambia walio nyumbani kwake, au anayekopa ili acheze, amekwisha kuvuka mpaka. Huyo anahitaji msaada wa watu wake wa karibu na wa kitabibu, si somo jingine la poka.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ya wafanyabiashara inawafaa wacheza karata pia, maana kati ya walioandika hesabu zao kwa ukweli, wengi waligundua mapema kwamba faida yao kubwa ingekuwa kutocheza.