Nani Anajibu? Kupima Vijarida na Ujumbe Mfupi kwa Wazazi wa Watoto Wachanga

Kila inapotolewa taarifa kuhusu huduma ya kuwaelimisha wazazi kwa simu, takwimu ya kwanza kutajwa huwa ya waliojisajili na ya pili huwa ya ujumbe uliotumwa. Ndivyo ilivyosifiwa Wazazi Nipendeni, huduma iliyozinduliwa Tanzania Novemba 2012. Mjamzito au mama aliyejifungua alituma neno MTOTO kwenda namba 15001 bila kukatwa salio, akaanza kuletewa ushauri unaokwenda na umri wa mimba na kisha umri wa mtoto, mpaka mtoto afikishe wiki 16. Huduma yenyewe naiunga mkono. Ninachokipinga ni mantiki ya wanaoitathmini, kwamba ujumbe ukishafika, msaada nao umefika. Makala haya yanadai kwamba maandishi, yawe ya karatasi au ya simu, humsaidia mzazi wa mtoto mchanga kwa kadiri yanavyomkutanisha na mtu wa kumjibu, na kwamba tathmini nyingi zimeundwa kwa namna isiyoweza kuliona jambo hilo.

Kijarida cha wazazi kina historia ndefu. Katika miaka ya 1940 huko Louisiana, Marekani, Loyd Rowland alibuni mfululizo ulioitwa Pierre the Pelican, uliotumwa kwa posta kwa wazazi waliopata mtoto wa kwanza. Baadaye Wisconsin ikawa na Parenting the First Year, kila toleo likifika mtoto akiwa na umri unaozungumziwa humo. Kwamba wazazi huvipenda vijarida hivi na huvisoma, hakuna anayebisha. Utata unaanza mwaka 1991, David Riley na wenzake walipokitathmini kijarida cha Wisconsin kwa kuwauliza wazazi wenyewe kama kimewabadilisha, nao wakajibu kwamba kimewabadilisha. Mtu aliyeletewa zawadi mlangoni mwaka mzima, akiulizwa kama imemfaa, atajibu nini? Lenye uzito zaidi lilikuja mwaka 2001, Walker na Riley walipoonyesha kwamba wazazi waliokizungumzia kijarida na ndugu na marafiki ndio waliotaja mabadiliko zaidi. Matokeo hayo hunukuliwa kwa kupita tu, kama pambo. Kwangu ndiyo kiini cha suala zima.

Ushahidi ninaoutegemea unatoka karibu zaidi. Kati ya 2009 na 2010, Stine Lund na wenzake waliendesha Zanzibar jaribio waliloliita Wired Mothers, katika vituo 24 vya afya ya msingi vilivyogawanywa kwa kura. Waliingizwa wanawake 2,550 waliofika kliniki kwa mara ya kwanza katika ujauzito wao, wenye simu na wasio nazo. Wa vituo vya jaribio walipewa vitu viwili. Cha kwanza ni ujumbe mfupi wa upande mmoja, uliozidi kuja kadiri siku za kujifungua zilivyokaribia, ukaendelea hadi wiki ya 6 baada yake. Cha pili ni vocha ya simu, ili mama aweze kumpigia mhudumu wa afya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa asilimia 60 walizalishwa na mhudumu mwenye ujuzi, dhidi ya asilimia 47 katika vituo vya kulinganishia. Mwaka 2014 yakafuata ya watoto: vifo vya mwishoni mwa mimba na vya wiki ya kwanza ya maisha vilikuwa 19 kwa kila vizazi 1,000, dhidi ya 36.

Tangu hapo jaribio hili limekuwa likishikiwa bango kama uthibitisho kwamba meseji zinaokoa watoto. Halithibitishi hivyo. Meseji na vocha zilitolewa pamoja, na hakukuwa na kundi lililopata meseji peke yake. Anayeipa meseji sifa ya matokeo haya hana haki zaidi ya yule atakayeipa vocha. Mimi naegemea kwenye vocha.

Tuchukue mfano wa mzazi wa siku ya nne huko Makunduchi. Macho ya mtoto yameanza kuwa ya manjano. Meseji iliyoingia asubuhi inasema mtoto akiwa na dalili za hatari awahishwe kituoni. Ni kweli tupu, lakini haijamsogeza hatua, maana analotaka kujua ni kama manjano haya ndiyo hiyo hatari au ni yale yanayopita yenyewe. Chumbani yuko mama mkwe anayeshauri mtoto aanikwe jua la asubuhi. Yuko jirani aliyekuja kumpa mkono wa pongezi, naye ana dawa yake. Mzazi hajamaliza arobaini, hatoki ovyo, na fedha ya daladala iko kwa mume. Herufi 160 haziwezi kumuuliza manjano yalianza lini, yamefika miguuni au la, mtoto ananyonya au amelegea. Muuguzi akipigiwa atauliza hayo kwa dakika mbili, kisha aseme "mlete sasa hivi" au "endelea kumnyonyesha, kesho asubuhi nipigie". Simu ikiwekwa spika, mama mkwe naye anasikia. Hili la mwisho si dogo. Katika nyumba ambamo uamuzi kuhusu mtoto haumo mikononi mwa mama peke yake, maneno yaliyoandikwa kwenye simu ya mkwe hayana mamlaka ya sauti ya muuguzi anayefahamika kijijini.

Pingamizi limo ndani ya takwimu zile zile. Ongezeko la kuzalishwa na wenye ujuzi lilionekana mjini tu, shamba halikujitokeza. Kama vocha ndiyo dawa, mbona haikufanya kazi shamba? Kwanza, makadirio ya mjini yenyewe yamelegea: uwiano uliotolewa ni 5.73, lakini kwa hesabu za watafiti wenyewe ukweli unaweza kuangukia popote kati ya 1.51 na 21.81. Tofauti ya mji na shamba isijengewe ghorofa juu ya msingi huo. Pili, kujifungua kituoni kunadai gari la usiku na fedha mkononi, na simu haimbebi mtu. Mambo ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa mara nyingi hudai uamuzi kabla ya kudai usafiri: aendelee kunyonya au apewe maji, kitovu kinachotoa harufu kisubiri au kisisubiri. Huko ndiko ninakotarajia sauti ya mhudumu ifae hata shamba, ingawa jaribio halikulipima jambo hili moja kwa moja.

Lililokosekana Zanzibar lilifanyika Nairobi. Jennifer Unger na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliwagawa wanawake 300 katika makundi matatu: waliotumiwa meseji tu, waliotumiwa meseji na kuweza kujibizana na muuguzi, na wasiotumiwa chochote. Katika wiki ya 10 na ya 16, makundi yote mawili ya meseji yaliwapita wasiotumiwa katika kunyonyesha maziwa ya mama pekee. Kufikia wiki ya 24, ni waliokuwa wakijibizana tu waliobaki mbele. Kwa hiyo meseji kavu haikuwa bure, na wanaoidharau kabisa wamekosea. Lakini mama yeyote wa huku anajua miezi ya nne hadi ya sita ina nini. Likizo imekwisha au biashara inamsubiri sokoni, mtoto analia usiku, na bibi ameshatamka kwamba maziwa hayamtoshi, apikiwe uji mwepesi. Mama alishaambiwa kuhusu miezi sita. Anachohitaji sasa ni mtu wa kumwambia kama kilio hiki ni cha njaa.

Mtetezi wa karatasi atanipeleka Uingereza. Tony Waterston na wenzake, mwaka 2009, walichapisha jaribio la kijarida cha Baby Express, kilichotumwa kila mwezi kwa mama wa mtoto wa kwanza. Mtoto alipofika mwaka mmoja, mama waliokipokea walitaja kero chache zaidi za malezi na matarajio machache yasiyolingana na umri wa mtoto. Hakuna aliyekuwa akiwajibu kupitia kijarida hicho. Hili ni pingamizi zito kuliko lile la shamba. Hata hivyo, kilichopimwa ni hisia na mawazo ya mama kwa hojaji, na kijarida kiliingia katika nchi ambako familia yenye mtoto mchanga hutembelewa nyumbani na muuguzi wa umma. Kwamba kundi la kulinganishia nalo lilikuwa na wauguzi hao hakuivunji hoja yangu. Ninachodai ni kwamba maandishi hupata nguvu panapokuwa na mtu wa kuulizwa, na huko mtu huyo alikuwapo pande zote mbili. Ukikihamishia kijarida hicho Tandahimba au Micheweni, unahamisha nusu ya huduma.

Turudi Wazazi Nipendeni. Tathmini ya kampeni hiyo iliyochapishwa mwaka 2017 iliwahoji wanawake walipokuwa wakitoka kliniki, ikakuta kwamba waliofikiwa na kampeni kwa njia nyingi zaidi walikuwa wamejiandaa vizuri zaidi. Pengine ni kweli. Pengine pia mwanamke anayekwenda kliniki, anayesikiliza redio na anayejisajili kwa simu ni yule yule ambaye angejiandaa hata bila kampeni. Kwa kumhoji mlangoni mwa kliniki, aliyebaki nyumbani amefutwa kabla ya hesabu kuanza.

Kosa hili la mbinu lina gharama. Kati ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 na ule wa 2022, wanaojifungulia kituoni Tanzania walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81, lakini vifo vya watoto wa chini ya mwezi mmoja vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Sehemu kubwa ya jibu iko wodini, kwenye vifaa na wahudumu, wala simu haitaigusa. Sehemu iliyobaki iko nyumbani, baada ya mama kuruhusiwa, na huko kumkumbusha aende kujifungulia hospitali kumeshapitwa na wakati.

Nitaambiwa kwamba kujibu ni ghali. Ni ghali kweli. MomConnect ya Afrika Kusini, iliyoanza Agosti 2014, imeweka dawati ambako mama huuliza na hata kulalamikia huduma, na imeonyesha kwamba hilo linawezekana kwa ngazi ya taifa. Lakini dawati lina watu, na watu wana mishahara. Huku kwetu gharama hiyo ipo tayari, ila haiandikwi popote: mara nyingi hubebwa na muuguzi wa zahanati anayepigiwa saa nne usiku kwenye simu yake mwenyewe. Tathmini inayofuata ya huduma yoyote ya aina hii ingefaa ieleze ni maswali mangapi yaliulizwa, yalijibiwa na nani, baada ya saa ngapi, na mangapi hayakujibiwa kabisa. Nathubutu kwenda mbali zaidi na kusema kwamba fedha za kutafuta wajisajili wapya zingefaa zaidi zikilipa posho na bando la muuguzi mmoja wa zamu ya simu katika kila wilaya, hata kama waliojisajili watabaki nusu.