Mita Haiulizi Kipato: Safari ya Umeme wa Bei Nafuu Hadi Mofu

Mwaka 1975 mtambo wa Kidatu, kwenye lango la kaskazini la Kilombero, ulianza kupeleka umeme Dar es Salaam. Awamu ya pili ilipokamilika mwaka 1980, uwezo wake ulifika megawati 204. Miaka ishirini baadaye ikawa zamu ya Mto Kihansi, kusini-magharibi mwa bonde. Maji yake yaliingizwa kwenye handaki huko juu Udzungwa, yakaporomoshwa zaidi ya mita 800, yakatoa megawati 180. Dunia iliusikia mradi huo kwa sababu ya chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi na si kwingineko. Vyura hao walisafirishwa kwa ndege hadi New York ili kizazi chao kisipotee. Njia ya msongo wa kilovolti 220 ikavutwa kati ya Kihansi na Kidatu, na vijiji vingi vya bondeni vikabaki na vibatari vyao.

Mofu ni moja ya kata za bonde hilo, nchi ya mpunga, ya uvuvi na ya maji yanayopanda kila masika. Historia ya umeme wa bei nafuu kwa kaya maskini huandikwa kwa kawaida kutoka Dar es Salaam, ambako ni historia ya bili. Ukiitazama kutoka Mofu inabadilika sura. Huku unafuu wa kwanza ambao mtu alikuwa akiungoja ni wa nguzo.

Umeme wenyewe uliingia Tanganyika mwaka 1908, Wajerumani walipoufunga Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao. Chini ya Waingereza, mwaka 1931, kazi ikakabidhiwa kampuni mbili binafsi, DARESCO na TANESCO. Serikali huru ilianza kununua hisa za kampuni hizo mwaka 1964, jina likabaki moja la TANESCO mwaka 1968, na kufikia 1975 shirika lote lilikuwa mali ya umma. Bei nafuu kwa uniti za mwanzo ilitokana na fikra za zama hizo, kwamba mwenye taa mbili na redio asilipe sawa na mwenye jiko la umeme. Kasoro yake ilikuwa wazi tangu awali: ili ufaidi unafuu huo lazima uwe tayari na mita, na waliokuwa na mita wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mjini.

Kisha zikaja zama za kubana matumizi. Mwaka 2002 uongozi wa TANESCO ulikabidhiwa Net Group Solutions ya Afrika Kusini, ambayo iliingia ofisini ikisindikizwa na polisi. Kazi yake ilikuwa kukusanya madeni, na ilikata umeme bila kuangalia sura, hata kwa taasisi za serikali. Hilo lilipigiwa makofi. Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba katika miaka hiyo kiwango cha uniti za bei nafuu kilishushwa kutoka 100 kwa mwezi hadi 50. Familia yenye pasi na feni iliyokuwa ndani ya mstari ikajikuta nje bila kuongeza hata balbu.

Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilipoanza kupanga bei, daraja hilo dogo, D1, likawa na historia yake mahsusi. Januari 2012 umeme ulipanda kwa wastani wa asilimia 40.29, lakini uniti 50 za kwanza za D1 zikabaki shilingi 60. Januari 2014 bei ikapanda tena, safari hii na D1 ikaguswa: uniti ikawa shilingi 100, ila kiwango kikapanuliwa hadi uniti 75 kwa mwezi. Mwezi Aprili 2016 wateja wa kawaida wa T1 wakafutiwa tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kila mwezi, na uniti yao ikashuka hadi shilingi 292. Mwisho wa mwaka huo EWURA iliidhinisha nyongeza ya asilimia 8.53. Rais Magufuli akaifuta, na mkurugenzi mtendaji wa TANESCO akapoteza kazi mwaka mpya ulipoanza. Uniti ya D1 ni shilingi 100 tangu 2014, na sidhani kuna bidhaa nyingine sokoni Ifakara inayoweza kusema hivyo.

Tupige hesabu, maana ndiyo lugha ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Juu ya bei ya uniti kuna VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na asilimia 1 ya EWURA. Uniti 75 za D1 zinamgharimu mteja shilingi 9,150. Uniti hizohizo kwa mteja wa T1 ni shilingi 26,718. Tofauti inazidi elfu kumi na saba kwa mwezi, na kwa kaya inayouza mpunga mara moja kwa mwaka hiyo si fedha ya kupuuza. Lakini uniti ya 76 ya mteja wa D1 haimrudishi kwenye bei ya kawaida. Inampeleka kwenye shilingi 427 pamoja na kodi, juu kuliko 356 anayolipa mteja wa T1. Ukizoea kuvuka mstari huo, unahamishiwa T1.

Kurudi D1 ni kwa kuomba. Mteja anakwenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, anaeleza, na manunuzi yake ya miezi iliyopita yanatazamwa. Haulizwi mshahara, wala haombwi barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha umaskini wake. Hapo ndipo mfumo wetu unapotofautiana na wa nchi tajiri. Marekani ilianzisha mwaka 1981 mpango wa kitaifa wa kusaidia gharama za nishati, LIHEAP, ambao mwombaji lazima aonyeshe kipato chake. Uingereza ina punguzo lake la msimu wa baridi tangu 2011, nalo hufuata zaidi wale wanaopokea ruzuku za serikali. Kenya iko upande wetu, ikitazama uniti: mwaka 2018 kiwango chake cha bei nafuu kilipandishwa kutoka uniti 10 hadi 100, na mwaka 2023 kikashushwa hadi 30.

Kupima umaskini kwa mita kuna heshima yake. Hakuna foleni ya aibu, na hakuna mjumbe wa kumpendelea shemeji yake. Tanzania inayo njia nyingine ya kuwatambua maskini: mfuko wa kusaidia kaya maskini, TASAF, huzipata kaya zake kwa kuanzia kwenye mkutano wa kijiji, watu wakitajana hadharani. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo anajua maneno yanayobaki baada ya watu kutawanyika.

Ila mita nayo hudanganyika. Chukua nyumba ya vyumba sita mjini Ifakara, kila chumba mpangaji wake, mita moja. Kila mmoja akiwasha taa, akachaji simu na kusikiliza redio, bado uniti 75 zinaweza kuvukwa, na hapo mita itaripoti mteja mkubwa. Wote sita wanalipa T1. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi mwanzoni, 1,500 tangu 2023, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeanza kumlipia mwenye nyumba kodi yake, labda wapatane baadaye. Wakati huohuo mwenye nyumba ya ziada inayokaa tupu miezi kumi anaweza kuwa ndani ya D1 bila kujua.

Kwa watu wa Mofu na vijiji vya aina yake, geti lilikuwa kabla ya mita. Hadi mwanzoni mwa 2013 kuunganisha nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo kuligharimu shilingi 455,108. Mwaka huo bei ikashushwa: 320,960 mjini, 177,000 kijijini. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi Oktoba 2007 kwa sheria ya 2005, ndio uliobadilisha mambo kwa kweli. Katika miradi yake mwanakijiji alilipa 27,000 tu, sawa na VAT yenyewe. Mjini bei hiyo ndogo ilikuja baadaye ikaondolewa Januari 2022, kijijini ikabaki. Kwa maoni yangu hilo ndilo punguzo kubwa kuliko yote katika historia hii, ingawa halimo kwenye orodha ya bei za uniti. Na bado haligusi wayaringi. Fundi, waya, swichi na soketi ni gharama ya mwenye nyumba, na ndiyo maana kikaja kifaa cha UMETA, umeme tayari, kwa nyumba ambazo hazijasukwa nyaya.

Mwaka 2024 Ifakara ilipata kituo chake cha kupoza umeme, kikichukua kutoka kwenye njia ileile ya Kidatu na Kihansi. Kabla ya hapo bonde lilitegemea laini ndefu ya kilovolti 33 kutoka Kidatu, na kadiri ulivyosogea ndani ndivyo umeme ulivyochoka. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, nalo linakunywa maji ya Rufiji ambayo zaidi ya nusu yake huletwa na Mto Kilombero.

Kilichobaki bila unafuu wowote ni umeme wa kazi. D1 ni ya njia moja, ya taa na redio. Mashine ya kukoboa mpunga inataka njia tatu, na njia tatu iko T1. Mwenye mashine Mofu akiachana na dizeli atanunua uniti kwa shilingi 356, bei ya mwenye saluni Kariakoo, na ataitoza kwenye kila gunia, likiwamo la jirani yake wa uniti 75.