Trowell, Margaret (1904–1985)

Mchoraji na mwalimu wa sanaa, Mwingereza, mwasisi wa shule ya sanaa ya Makerere ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Jina lake la nyumbani kwao lilikuwa Kathleen Margaret Sifton. Msomaji wa Arua au Koboko hukutana naye kwa njia mbili: darasa la Sanaa la sekondari, na kitabu kimoja cha mwaka 1953.

Mafunzo

Alisomea Slade, shule ya uchoraji ya London iliyofunguliwa 1871. Mkuu wa pale alikuwa Henry Tonks, daktari wa upasuaji aliyeacha kisu akashika penseli. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Tonks aliwachora kwa rangi za chaki askari waliopasuliwa nyuso. Mafunzo yalishika mapokeo ya klasiki: mwanafunzi alianza na sanamu za plasta za Kiyunani na Kirumi, akapima pua kwa penseli iliyonyooshwa mbele ya jicho, akafuta, akarudia, mtu hai alimchora baadaye. Kwa Tonks, mstari uliolegea ulikuwa aibu.

Kisha Margaret akasomea ualimu, na hapo akamkuta Marion Richardson, aliyefundisha kinyume kabisa. Richardson aliwasimulia wanafunzi jambo, akawaambia wafumbe macho mpaka picha iwajie, ndipo washike brashi.

Kenya, kisha baraza la Mulago

Mwaka 1929 aliolewa na Hugh Trowell, daktari, wakaja Kenya. Mwaka 1935 Hugh alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala, ambako alijipatia sifa yake mwenyewe kwa utafiti wa kwashakoo.

Darasa lake la sanaa lilianza barazani pa nyumba yao, bila cheo wala mshahara. Makerere huhesabu mwaka 1937 kuwa mwanzo wa shule. Kipindi kilikwenda hivi: mwalimu anasimulia, tuseme, watu wanaovuna mtama huku mvua ikikaribia, wanafunzi wanafumba macho, kimya, kisha rangi. Hakuna plasta ya Kirumi mezani, hakuna nakala za picha za Ulaya ukutani. Aliamini kwamba Mwafrika akibanwa mapema na kanuni za Ulaya atapoteza jicho lake, na kwamba sanaa lazima iwe na kazi katika maisha ya watu, kanisani kukiwemo. Mwaka huohuo wa 1937 alitoa kitabu chake cha kwanza cha ufundishaji, na 1939 kazi za wanafunzi zilionyeshwa Imperial Institute, London.

Wanafunzi

Gregory Maloba wa Kenya, mchongaji, ndiye aliyeunda Mnara wa Uhuru wa Kampala, 1962. Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alifundisha Makerere, akasoma Slade kama mwalimu wake, akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Picha yake ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko Museum of Modern Art, New York. Elimo Njau alichora kuta za kanisa la Murang'a, kisha akaanzisha Paa ya Paa, Nairobi. Rosemary Karuga alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza shuleni hapo.

Katika majina haya yanayorudiwa kila mahali hamna mtu wa West Nile, eneo la Arua na Koboko, na si ajabu. Wilaya hiyo iliingizwa Uganda mwaka 1914 tu, baada ya kupitia mikono ya Wabelgiji na ya Sudan, na serikali ya kikoloni iliitazama kama ghala la vibarua wa mashamba ya miwa na askari wa King's African Rifles. Makerere ilikuwa mbali, kilomita zipatazo 500, na si kwa barabara peke yake.

Makumbusho na kitabu cha 1953

Miaka ya Vita ya Pili alisimamia Makumbusho ya Uganda, wakati vitu vyake vilipohamia Makerere. Hapo ndipo ilipoota mizizi kazi yake kubwa, na pengine bora kuliko picha yoyote aliyoichora: kitabu cha ufundi wa makabila ya Uganda, alichokitoa pamoja na Klaus Wachsmann. Trowell alishika vyungu, vikapu, mikeka, ngozi na silaha. Wachsmann, mtaalamu wa muziki, akashika ala. Humo Walugbara, Wakakwa, Wamadi na Waalur wanahesabiwa pamoja na Waganda, jambo lililokuwa adimu. Adungu ya Waalur, aina ya kinubi (ala, si lugha ya Kinubi, ingawa Arua utasikia vyote viwili), siku hizi hupigwa makanisani na mashuleni nchi nzima.



Baada yake

Alistaafu 1958, akarudi Uingereza. Cecil Todd, aliyetoka Afrika Kusini, alirithi kiti na kuingiza yale Trowell aliyoyafungia nje: historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi, kuchora mtu hai. Waandishi wa baadaye, wakiwemo wasomi wa Makerere yenyewe, wamemlaumu Trowell kwa kujipa haki ya kuamua nini ni cha Kiafrika na nini si cha Kiafrika. Lawama hiyo ni ya haki, japo waliomlaumu wamekula matunda ya shule yake.

Shule hiyo sasa imo katika chuo cha uhandisi, usanifu, sanaa na teknolojia cha Makerere. Katika mitihani ya Sanaa ya Uganda, kwa miaka mingi mtahiniwa wa Koboko amekuwa na karatasi moja ya kuchora vitu vilivyopangwa mezani, kibuyu na chungu kwa mfano, akipima kwa penseli kama alivyotaka Tonks. Na nyingine ya kutunga picha kutoka kichwani, bila chochote mbele yake ila maneno ya swali.